Uzoefu wangu na Caterham Seven 170, gari la kilo 440 lenye injini ya cc 660

Wadau wa magari, najua hapa wengi watanibishia ila nasema hivi: ukiwa na mpango wa kununua Caterham, chukua ile yenye injini ndogo kuliko zote. Mimi ninayo Seven 170, nilinunua kwa mtu huku Kent ninakoishi, nimeshaiendesha misimu yote ya Uingereza, jua, mvua, na ile baridi ya asubuhi za Februari ambayo vidole vinakufa ganzi juu ya usukani, kwaiyo naongea kitu ninachokijua.

Kwa wasiowajua, Caterham ni kiwanda kidogo sana, wako Dartford kusini mwa mto Thames tangu 1987, wanatoa magari kama 500 hivi kwa mwaka mzima. Toyota duniani kote wanayatoa hayo chini ya saa moja. Alafu gari lenyewe halikuanzia kwao, lilibuniwa na Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus ya hukuhuku Uingereza, likatoka 1957 kwa jina la Lotus Seven, watu wakalipenda sana kwa sababu lilikuwa la bei nafuu na unaenda nalo kazini Ijumaa, Jumapili unashindana nalo. Ilipofika 1973 Lotus walikuwa wameshageukia magari ya kifahari zaidi, akatokea Graham Nearn aliyekuwa na duka la magari kwenye mji wa Caterham kule Surrey, akachukua haki zote za kulitengeneza. Wakati huo Lotus walikuwa wamefika toleo la nne la bodi ya faiba, Nearn akalitengeneza kidogo tu, 1974 akaliacha akarudi toleo la tatu, lile la chasisi ya mabomba ya chuma na mabati ya alumini. Mpaka leo ndio hilohilo linaendelea. Mimi huyu mzee namheshimu sana kwa huo uamuzi, maana ilikuwa rahisi kabisa kufuata upepo.

Na angalia upepo umewapeleka wapi wenyewe Lotus, siku hizi wana Eletre, gari refu la umeme lenye uzito wa zaidi ya tani 2. Ni gari zuri, siwasemi vibaya, ila wazo la Chapman kwamba punguza uzito kwanza ndio uongelee nguvu, hilo wazo kwa sasa linaishi Dartford.

Sasa turudi kwenye 170. Ilitoka 2021, injini ni Suzuki ya silinda tatu yenye tabo, cc 660, yaani kwa ukubwa ni sawasawa na injini za Kirikuu zinazobeba maji na saruji kule Dar. HP 84. Najua ukimwambia mtu gari la michezo lina HP 84 anacheka, lakini weka na uzito kwenye hesabu: kilo 440 tu. Hapo unapata kama HP 190 kwa kila tani, na kutoka sifuri mpaka maili 60 kwa saa ni sekunde 6.9. Mwisho wake ni kama maili 100 kwa saa, hapo upepo unakwambia inatosha. Ni gari jembamba pia, mita 1.47, ndo maana kule Japani linaingia kwenye daraja la magari yale madogo ya kei.

Ila hizo namba haziwezi kukwambia utamu wake uko wapi. Utamu uko maili 30, maili 40 kwa saa, kwenye barabara ya kawaida ya kijijini, huvunji sheria yoyote na huhatarishi mtu. Sababu ni hii: gari likiwa jepesi halihitaji tairi pana, 170 inatembelea tairi za upana wa milimita 155 na rimu za inchi 14, nyembamba kabisa, na tairi nyembamba zinaanza kuongea na wewe mapema sana, unaingia kipilefti unasikia mbele inashika, unaongeza mafuta kidogo unasikia nyuma inaanza kujisogeza taratiiibu, unarudisha mguu inakaa sawa, yote hayo kwa mwendo ambao ndani ya gari la kisasa ungekuwa unapiga miayo. Unakaa chini nyuma kabisa karibu na ekseli ya nyuma kwaiyo kila kitu unakipata kupitia kiuno. Mbele unaona matairi yenyewe yakipanda na kushuka kwenye mabonde ya lami na madigadi yake yanageuka pamoja nayo. Usukani hauna pawa, na hauhitaji, maana hakuna mzigo wa kusukuma, ukiugeuza kidogo tu gari limeshageuka, ule mchanga kidogo ulioko barabarani utaujua kwa viganja.

Jamaa yangu mmoja ana 420, ile ya injini ya Ford lita 2 yenye HP 210. Nimeiendesha. Ni gari la ajabu, naapa, lakini barabarani unakanyaga mafuta ukihesabu moja mbili tatu umeshafika mwisho wa sheria, unaachia, basi, umekaa unasubiri nafasi nyingine. Na hiyo sio kubwa yao, iko 620R yenye HP 310 na supachaja, inafika maili 60 chini ya sekunde 3. Kwa uwanja wa mashindano sawa kabisa. Kwa barabara zetu hizi za Kent zenye ua wa miti pande zote na trekta linatokea konani, mimi nataka gari ambalo naweza kukanyaga mpaka chini, nikapangua gia ya pili, ya tatu, ya nne, nikatumia kila kilichomo. Hiyo 170 inakupa.

Tabo yenyewe unaisikia wazi, inavuta pumzi ukikanyaga na inapumua ukiachia, na kwa sababu hakuna mazulia ya kuziba kelele wala redio, basi hiyo ndio redio yako.

Mwaka juzi alikuja mjomba wangu kututembelea kutoka Tanga. Huyu mzee ni fundi magari toka ujana wake, mimi spana ya kwanza nimeshika gerejini kwake. Nikamwamkia, tukanywa chai, nikamwambia njoo uone. Kwenye Seven boneti haifunguki kwa bawaba, unafungua vibanio vya pembeni unainyanyua yote unaiweka pembeni kwenye majani. Mzee akachuchumaa, hakusema kitu muda mrefu, alafu akaanza kuonyesha kwa kidole: hii boljointi hii, hii raki ya usukani, ile shokapu unaibadilisha kwa spana mbili, ile pale breki inapita hapa. Akaniambia, "Mjomba, hapa hata ukiniletea usiku na tochi nitakutengenezea." Nikamjibu ndio maana nimeipenda, mjomba. Tukatoka mpaka vilima vya North Downs, kushuka upande wa Wrotham, yeye kofia kaishika mkononi, na nilipotaka kurudi nyumbani akaniuliza kwani mafuta yameisha? Tukaenda mzunguko mwingine. Ile siku nilifurahi kuliko siku yoyote niliyoendesha nikiwa peke yangu.

Hiyo ya kila kitu kuonekana ina historia yake. Enzi za Lotus magari mazima yalikuwa yanatozwa kodi ya mauzo ila ukiuza vipande mtu akaunge mwenyewe kodi hiyo haikugusi, kwaiyo Seven nyingi ziliuzwa kwenye maboksi. Inasimuliwa kwamba sheria ilikataza kuweka maelekezo ya kuunganisha, basi wao wakaweka maelekezo ya kufungua gari, ukisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo unaunganisha. Kodi ile ilikufa mwaka uleule wa 1973 ilipokuja VAT lakini Caterham hawakuacha utaratibu huo, mpaka leo unaweza kuagiza vipande. Chasisi inakuja na mabati yake yameshafungwa, injini na giaboksi unazishusha kwa winchi, sasponshe, breki, usukani, viti unafunga mwenyewe, ukimaliza gari linapelekwa kwenye ukaguzi wa serikali unaoitwa IVA ndio lipewe namba za barabara. Hii yangu aliiunga mwenye nayo wa kwanza kwenye banda la nyumbani kwake, akaniachia faili lenye picha za kila hatua na risiti zake zote. Lile faili kwangu lina thamani kuliko rangi ya gari.

Haya sasa upande wa pili, maana sitaki mtu aende akanunue bila kujua. Hakuna eabegi. Hakuna ABS, ile ya kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki. Hakuna kile kifaa cha kuzuia gari lisiteleze. Una mkanda, bomba la kulinda kichwa, na akili yako. Ukiwa M25, ile barabara kuu inayozunguka London, au juu ya lile daraja la Dartford na malori pembeni, tairi la lori liko usawa wa kichwa chako na dereva wa juu kule hakuoni kabisa, kwaiyo unaendesha ukijua hilo, hukai ubavuni mwa lori hata sekunde moja, unapita au unabaki nyuma. Mimi kukiwa na foleni nzito au giza na mvua pamoja naliacha nyumbani.

Mvua nayo. Milango ni ya turubai na plastiki laini, na paa ni turubai unalibana kwa vifungo, ukishalifunga kuingia ndani inakuwa mazoezi ya viungo, na maji hayakosi njia. Wanaolipenda gari hili wanajua hilo ndio asili yake. Ukiwa mwendo wa maili 70 bila paa unahitaji vizibo vya masikio, nasema kwa usalama wa masikio yako sio kwa starehe. Huwezi kufunga kwa ufunguo chochote ulichoacha ndani, simu na pochi unatembea navyo. Bomba la ekzosi liko nje ubavuni, akitoka mtoto au mtu amevaa kaptula mwambie kabla hajanyanyua mguu, linaunguza vibaya. Alafu nyuma kuna ekseli nzima, yaani tairi mbili na difu kwenye kipande kimoja, sio ile ya de Dion (difu imefungwa kwenye chasisi) wanayofunga kwenye injini kubwa, kwaiyo kona yenye mabonde nyuma inarukaruka kidogo. Mimi nimeizoea na naipenda, wengine haitawafaa.

Watu wa nyumbani wananiuliza sana kama naweza kulileta Dar au Nairobi. Usukani uko kulia, hilo halina shida. Shida ni matuta. Sampo, lile karai la oili chini ya injini, iko chini mno, tuta la kwanza tu la barabara za mitaani umeiacha hapo pamoja na oili.

Gharama je? Ilipotoka mpya ilianzia karibu paundi 23,000 ukiunga mwenyewe, na Seven hazishuki bei kama magari mengine, hapo ndipo wengi wanashtuka wakianza kutafuta ya mkononi. Ila ukishalinunua matumizi ni madogo, mafuta inanusa tu, breki na tairi zinadumu sana kwa sababu hazibebi mzigo, na bima ukienda kwa wale wanaojua magari ya aina hii ni nafuu kuliko unavyofikiri.

Kama unataka kuonja kabla ya kutoa hela, nenda Brands Hatch, uwanja wa mbio za magari hapa Kent, wakati kuna mashindano ya Caterham. Caterham wana kitu kinaitwa Academy toka 1995, kwa watu ambao hawajawahi kushindana maishani, unanunua gari, unaunga, unapata leseni, mnashindana wageni watupu magari yanayofanana kila kitu. Ukisimama pale kwenye kona ya Paddock Hill ukaona magari madogo zaidi ya ishirini yanashuka kwa pamoja bila mmoja kumpita mwenzie nguvu, utaelewa kwanini nasisitiza hili la uzito.

Toka 2021 kampuni ni ya VT Holdings ya Japani, na 2023 walionyesha Seven ya umeme ya majaribio yenye uzito chini ya kilo 700. Kwa gari la umeme hiyo ni kazi kubwa sana. Naiombea ifike barabarani, na naomba sana isizidi hapo hata kilo moja.

Ukienda kuangalia ya mkononi, lala chini kabisa uangalie mabomba ya chasisi, ile rangi ya unga ikishamenyuka kutu inaanza ndani yake huioni. Angalia tarehe za tairi, sio kashata tu, maana magari haya mengi yanakaa bandani na mpira unazeeka huku ukionekana mpya. Angalia kama difu inavuja. Uliza paa na milango viko wapi, vikikosekana ni hela nyingi. Na kabla ya yote ingia ukae, uvae viatu vyembamba, kwasababu nafasi ya miguu ni finyu sana kwenye hii bodi ndogo: kanyaga breki uone kama unaweza bila kugusa mafuta. Ukishindwa, tafuta yenye bodi pana ya SV, ila 170 haiji na bodi hiyo, itabidi upande injini.