Laptopu tatu nyepesi kwa kazi za Goma: MacBook Air M2, ThinkPad X1 Carbon Gen 9 na Dell XPS 13

Uzito usikudanganye. MacBook Air M2 ina kilo 1.24, Dell XPS 13 9315 ya mwaka 2022 ina kilo 1.17, ThinkPad X1 Carbon Gen 9 inaanzia kilo 1.13. Ukiwa nyuma ya motari, mgongo hausikii tofauti. Hapa Goma kinachozitenganisha ni umeme unaokatika na vumbi jeusi la mawe ya volkano.

Zote tatu huchajiwa kwa USB-C, kwa hiyo pawabanki moja inazitosha, mradi mgongoni mwake pameandikwa PD na 20V. Ya mAh 20,000 ni Wh 74 (wati-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa) kwenye karatasi. Ukitoa kinachopotea katika kugeuza volti, zinabaki kama 60. Betri ya Air ni Wh 52.6, ya X1 ni 57, ya XPS ni 51. Unapata chaji moja, basi. Pawabanki ya 5V peke yake huijaza Air polepole ikiwa imelala. Kwa X1 usiitegemee. Kwa kuandika na intaneti, Air hunifikisha jioni bila kuchomeka popote, wakati X1 huanza kuomba chaja baada ya saa 6 hivi. Tena Air inaridhika na chaja ya wati 30, X1 inataka 65, na mwenye sola yenye inveta ndogo anajua maana ya hizo wati 35.

Vumbi nalo linaipendelea Air, maana haina feni wala tundu la kunyonya hewa. Gharama yake utaiona ukigeuza video ndefu: ikipata joto inapunguza mwendo. X1 na XPS zina feni, na feni ikishajaa vumbi, mashine hupiga kelele hata ukifungua barua pepe tu.

Kusafisha X1 si kazi ya kuogopesha. Izime, iwashe ukibonyeza F1, ingia Config, kisha Power, chagua Disable Built-in Battery, itajizima yenyewe. Legeza skrubu za chini kwa bisibisi ya msalaba (hazitoki kabisa, kwa hiyo hazipotei), inua kifuniko kuanzia upande wa bawaba. Zuia feni kwa kijiti cha meno, ndipo upige brashi kavu kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vinavyotoa joto. Ukipuliza feni ikiwa huru, inazunguka kupita kiasi na kuharibu beringi. Rudisha kifuniko, chomeka chaja, nayo betri itaamka.

XPS naisema kwa ufupi: diski yake imelehemiwa kwenye bodi, na tundu la headifoni halipo. Ni nzuri kwa macho. Sioni kwa nini mtu wa huku aichague.

Diski ya Air pia imelehemiwa, na hapo ndipo X1 inapojibu mapigo. Umeme ukirudi kwa nguvu ukaunguza bodi, diski ya M.2 ya X1 inatolewa na kusomwa kwenye mashine nyingine, ilimradi una ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalolinda diski. Mwenye Air asiye na nakala pembeni amekwisha. X1 ina pia HDMI na USB za kawaida, na baadhi zina tundu la laini ya simu, kitu kitamu kwa anayefanyia kazi bandarini akingoja boti ya Bukavu. Mimi hutembea na Air. Mashine ya ofisi ningenunua X1.

Ukinunua iliyotumika, Birere au kwingineko, usilipe kwa kuangalia ganda. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa kiwandani na wa sasa: X1 iliyoshuka chini ya mWh 40,000 (yaani Wh 40) inahitaji betri mpya, kwa hiyo punguza bei. Kwenye Mac soma idadi ya mizunguko ya chaji. Kiwango chake ni 1,000. Kisha ifutwe na kusanidiwa upya mbele yako, intaneti ikiwa imeunganishwa, uone kama haijafungwa na kampuni iliyoimiliki. Kwa X1 bonyeza F1 ikiwaka. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache mezani: kutoa kibetri kidogo cha ndani hakulifuti.