Vinasaba: kupima nyumbani au kwa Mkemia Mkuu?

Kipimo cha nyumbani cha vinasaba (DNA), cha kujua baba wa mtoto, ni chepesi: unasugua kijiti cha pamba ndani ya shavu la mtoto na la baba, unakiacha kikauke, unakitia kwenye bahasha ya karatasi na kukituma maabara. Ukikifunga kibichi kwenye plastiki, kitaota ukungu. Shida ni kwamba maabara haijui mate ni ya nani. Jirani akitoa shavu lake, majibu yatakuwa sahihi kabisa, ila ya jirani.

Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, yaani maabara ya serikali ya Tanzania, huendi tu kama unayepima malaria. Sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009 inataka ombi lipitie wanaotambuliwa kisheria, kama mahakama. Usumbufu, ndiyo, lakini sampuli huchukuliwa mbele ya mtaalamu. Kama kuna kesi ya matunzo, mimi ningeanzia huko.