Bastola ya .22 ya kumwachia binti: miaka minne na Ruger Mark IV

Babu yangu aliacha vitu vitatu vya kugombewa: shamba, baiskeli na gobore. Shamba lilipimwa, baiskeli ikachukuliwa na baba mdogo, na gobore likapelekwa polisi, maana kibali kilikuwa na jina la babu peke yake na kibali cha silaha hakirithiwi kama baiskeli. Nilikuwa darasa la sita, kijijini kwetu Namtumbo. Mlio wa lile gobore siukumbuki vizuri, ingawa lilikuwa likifukuza nguruwe pori usiku kucha msimu wa mahindi. Ninachokumbuka ni jioni za Jumapili: babu ametandika gunia uani, analisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kukaa upande wa mdomo wa mtutu. Hata likiwa tupu. Hata likiwa halijashindiliwa tangu mwezi uliopita.

Sasa naishi Fort Worth, Texas, ambako sheria inaruhusu kitu ambacho kwetu hakikuwezekana: kununua silaha nikijua kabisa kwamba siku moja itakuwa ya mwanangu. Binti yangu ana miaka 17. Alianza kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo kwenye klabu ya vijana iitwayo 4-H, akaipenda, na mimi nikajipa kazi ya kutafuta bastola moja ya .22, yaani ya risasi ndogo yenye upana wa karibu inchi 0.22, itakayodumu kuliko mimi.

Kwa nini .22? Kwanza bei. Risasi moja ni senti chache tu, kwa hiyo mtoto anapiga 200 Jumamosi moja na mfuko hauumii. Pili, haina teke. Tatu, na hili ndilo kubwa ukifikiria urithi, risasi ya .22 Long Rifle ipo tangu 1887 na bado inauzwa karibu kila duka la silaha Marekani. Kuna bastola nzuri sana za zamani ambazo leo ni pambo, kwa sababu risasi zake ni za kutafutwa kwa tochi.

Lakini risasi hii ina tabia yake, na usipoielewa utailaumu bastola bure. Risasi za bastola kubwa zina fataki (kiwashio cha baruti) katikati ya kitako cha ganda, kile kiduara unachokiona kwa macho. Ya .22 haina. Unga wa fataki umesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini lazima iubonyeze huo ukingo ndipo uwake. Mahali unga ulipokuwa haba, pini inagonga na kimya. Halafu risasi yenyewe ni ya risasi tupu (samahani, Kiswahili chetu kimeamua madini na kombora viitwe jina moja) iliyopakwa nta, na nta ikichanganyika na moshi wa baruti unapata lami nyeusi kila pembe ya mashine. Bastola ya .22 ya kurithisha basi ni bastola inayofunguka kirahisi ili isafishwe. Nililijua hilo baada ya kupoteza hela.

Bastola yangu ya kwanza ilikuwa ya bei poa, nyepesi, nzuri kwa macho. Kampuni siitaji. Kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila unapofyatua kilikuwa cha mchanganyiko wa zinki badala ya chuma cha pua. Mwaka wa pili ilianza kukwama, nikadhani ni uchafu, nikasugua, ikakwama. Nikaipeleka kwa fundi wa silaha, mzee mmoja mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Akaiweka chini ya taa, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele pembeni pale. Akaniuliza: "Unataka niitengeneze, au unataka ukweli?"

Ukweli ulinigharimu bei ya bastola nyingine.

Mara ya pili sikukurupuka. Nilizunguka miezi mitatu, nikikodi bastola kwenye viwanja vya shabaha na kuazima za marafiki. Colt Woodsman ilinitia tamaa kuliko zote. Ilianza kutengenezwa 1915, ikaachwa 1977, na ukiishika unaelewa kwa nini wazee wanaisifia: kama imechongwa na mtu aliyekuwa na siku nzima. Ila vipuri vyake ni vya kuwinda kwenye minada, na mimi sikutaka kumwachia binti kazi ya kuwinda. Smith & Wesson Model 41, ya tangu 1957, ni ya washindani, na bei yake ni ya washindani pia. Browning Buck Mark ina kifyatulio kitamu, pengine kitamu kuliko nilichonunua mwishowe. Kuifungua kwa usafi, lakini, unaanza na bisibisi ya pembe sita na skrubu za juu zinazoshikilia reli yenye kilengeo cha nyuma. Skrubu ndogo na mtoto wa miaka 13 (ndiyo umri aliokuwa nao wakati huo) ni ugomvi na zulia.

Aliyenitesa hasa ni Ruger Single-Six. Hii ni bastola ya silinda, ya mtindo wa wachunga ng'ombe, inayotengenezwa tangu 1953. Unaingiza risasi mojamoja kwa mlango wa pembeni, unavuta nyundo kwa dole gumba kila mara. Haina magazini (kasha la risasi) ya kupotea. Risasi ikigoma hukwami. Na inamfundisha mtoto utulivu, maana hawezi kumwaga risasi kumi kwa pupa. Ukikutana na iliyotumika, uliza mwaka: kabla ya 1973 nyundo yake hukaa juu ya pini, kwa hiyo wenye akili walijaza risasi tano na kuacha tundu la chini ya nyundo tupu. Za baada ya hapo zina kipande kinachozuia hilo, na kampuni imekuwa ikizibadilisha za zamani bila malipo. Kama ningekuwa nanunua bastola mbili, ya pili ingekuwa hii. Bado naisogelea kila nikiingia dukani, mke wangu anajua.

Nikanunua Ruger Mark IV Target, ile yote chuma kisichoshika kutu, mtutu wa inchi tano na nusu. Ukoo wake ni mrefu: kampuni ilianza na bastola ya umbo hilihili mwaka 1949, ikiuzwa dola 37.50, ikaja Mark II mwaka 1982, na Mark IV mwaka 2016. Zile zilizoitangulia Mark IV zilijulikana kwa mambo mawili, kutokufa na kutokubali kurudishwa pamoja zikishafunguliwa. Mafundi wa Marekani wana utani wao wa wateja wanaokuja na bastola ndani ya mfuko wa plastiki. Mark IV iliua utani huo kwa kitufe kimoja nyuma ya kitako. Unaondoa magazini, unavuta boliti (kipande cha ndani kinachorudi nyuma kila unapofyatua) na kuikagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho na kwa kidole, unaweka loki ya usalama, unabonyeza kitufe, na mtutu unainama mbele kama mtu anayerukuu. Boliti inateleza nje mkononi mwako. Basi, kazi imekwisha, shika brashi.

Jambo jingine lililonishawishi halizungumzwi sana. Mtutu umekazwa moja kwa moja kwenye bomba la juu, na vilengeo vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, vimekaa kwenye kipande hichohicho. Unaweza kuifungua na kuifunga mara mia na pale ulipolenga jana ndipo utakapopiga leo. Boliti inakimbia ndani ya bomba, kwa hiyo hakuna kipande kikubwa cha nje cha kupasuka kama kile cha zinki.

Tahadhari kwa anayenunua iliyotumika: mwezi Juni 2017 kampuni iliziita zirudishwe kurekebishwa Mark IV zote zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni mwaka huo. Loki ya usalama ikiachwa katikati, si wazi si kufungwa, na kifyatulio kikivutwa, bastola iliweza kufyatuka yenyewe pale loki inaposogezwa. Marekebisho yalikuwa bure. Yangu ni ya baadaye, lakini bado nilimwomba muuzaji tuangalie namba yake kwenye tovuti ya kampuni mbele yangu, naye hakuninunia.

Kasoro? Ni nzito. Kilo moja na ushee, na mwaka wa kwanza mkono wa binti ulianza kutetemeka baada ya magazini ya tatu. Uzito huohuo ndio unaoituliza kwenye shabaha, kwa hiyo tumeuzoea. Halafu haifyatui bila magazini ndani. Wengine wanakasirishwa na hilo. Kwa nyumba yenye watoto, mimi nalipenda.

Kila tukirudi uwanjani binti anaandika kwenye kaunta buku: tarehe, aina ya risasi, ngapi zimepigwa, ngapi zimegoma. Leo zimefika 8,750. Zilizogoma ni 61, na zaidi ya 40 kati ya hizo zilitoka kwenye kopo moja la risasi za jumla nililolishabikia kwa bei. Tangu nihamie risasi zenye ubora zaidi, daftari limekuwa na sufuri nyingi. Na risasi ikigoma tunafanya hivi: mdomo wa bastola unabaki kule kule kwenye shabaha, tunahesabu hadi 30 kwa sauti, ndipo inatolewa. Binti anahesabu kwa Kiswahili, na jirani wa uwanjani siku moja akamuuliza kama anaomba dua.

Sasa sheria, maana watu wetu wananipigia simu kuhusu hili kuliko kuhusu bastola yenyewe. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua kwa muuzaji mwenye leseni. Unajaza fomu ya ununuzi iitwayo 4473, unachunguzwa kwenye mfumo wa shirikisho. Mwenye viza ya muda, kwa kawaida hapana. Kumnunulia mtu zawadi kwa hela yako inaruhusiwa. Kuchukua hela ya mtu na kumnunulia kwa jina lako ni jinai, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Binti yangu akiwa hajatimiza 18, anahitaji idhini ya mzazi kwa maandishi hata kwa kulenga shabaha, na karatasi hiyo inakaa kwenye mkoba wa bastola. Akija kuwa mtu mzima anayeishi jimbo jingine, siwezi kumkabidhi mkononi: lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni wa kwake. Kwa wosia ni njia nyingine, sheria ya shirikisho inauruhusu urithi uvuke mpaka wa jimbo. Kuibeba kwenda nayo nyumbani Tanzania, mzee, usiniulize tena.

Mke wangu alikuwa na sharti moja. "Baba watoto, nyumba hii ni ya wageni," aliniambia, na ni kweli, hakuna Jumapili isiyo na watoto wa watu wanaofungua kila mlango. Texas yenyewe inamhesabu ana kosa anayeacha silaha yenye risasi bila kuifungia, mtoto akaifikia. Kwa hiyo sefu ilinunuliwa kabla ya bastola, ikafungwa kwa boliti ukutani, na namba yake tunaijua wawili. Risasi ziko kwenye sanduku lake, chumba kingine.

Jumapili iliyopita niliwakuta binti na mdogo wake gereji. Ametandika taulo kuukuu, boliti iko pembeni, anasugua mtutu. Mdogo wake akavuta kiti kukaa mbele. Binti hakuinua hata kichwa.

"Toka upande huo."

"Si umeifungua?"

"Zunguka huku."

Akazunguka. Nimeagiza springi ya akiba na magazini mbili za ziada, zikifika zitaingia kwenye mkoba pamoja na daftari.