Sikukuu tulizobaki Dodoma: mbuzi wa Msalato, mchuzi wa zabibu na tiketi iliyotulaza njaa

Ikishafika tarehe ishirini ya Desemba, Dodoma inaanza kupungua watu. Bunge halikai, kule Mtumba kwenye wizara wamebaki wa zamu, Wachaga wameshapakia magari kuelekea Kilimanjaro kama ilivyo ada yao, na waliohamia na serikali wamerudi Dar kuonana na ndugu. Bodaboda wanashinda wamelalia pikipiki. Mimi na baba Zai mwaka jana tulisema hatuendi popote. Nauli ya watu watano hadi kwetu Muheza, kwenda na kurudi, bado zawadi za shangazi na kila jirani aliyenibeba utotoni! Tulipiga hesabu mara moja tukafunga daftari. Hela yenyewe tuile hapahapa.

Kwa kuwa naona watu wameanza kuulizana ukibaki Dodoma sikukuu unafanya nini, naandika tulivyoila. Vingine vilistahili, na kimoja kilitupiga.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni mnada wa Msalato. Kwa asiyepajua, ni kaskazini ya mji, barabara ya Kondoa ile inayokwenda hadi Arusha, na siku yake ni Jumamosi. Ni mnada wa mifugo kwanza, ng'ombe na mbuzi na kondoo, watu wamesimama na fimbo wanabishania bei kwa Kigogo usielewe nani anauza nani ananunua. Pembeni kuna mitumba, masufuria, katambuga zile ndala za matairi, dawa za kuogeshea mifugo. Halafu kuna upande wa moshi. Ukishuka kwenye daladala huna haja ya kuuliza njia, fuata harufu.

Utaratibu ni huu: nyama mbichi imening'inia, unachagua mwenyewe, inapimwa, unalipia, ndipo inaingia motoni. Mimi hapo ndipo nilipopendea. Nimekula nyama choma mjini miaka sita sasa, ukiagiza kilo unaletewa sinia ambalo nusu yake ni mifupa na robo yake ni ndimu, na hiyo kilo hujawahi kuiona kwenye mizani. Huku mshale wa mizani unauona kwa macho yako.

Ila na penyewe usizubae. Nilishawahi kwenye mnada mwingine, si huu, kulipia paja nikaenda kuchambua magauni ya mtumba, niliporudi paja limegeuka ubavu. Mchomaji aliniapia kwamba ndilo lile lile, limesinyaa kwa moto. Safari hii shemeji yangu, mdogo wake baba Zai, akanikataza kubanduka. Tukasimama wote wawili kama askari wa benki. Kijana aliyekuwa akichoma, amejifunga fulana kichwani kwa ajili ya moshi, akatutazama akacheka.

"Mama, mbona mnanilinda hivyo? Ya kwenu nitaitia alama."

Akaokota kipande cha waya wa umeme, mwekundu, akaufunga mara tatu kwenye kijiti chetu. Saa nzima nilikuwa naongea na watu huku jicho liko kwenye waya.

Nyama yenyewe hailazwi juu ya makaa. Inachomwa kwenye vijiti vilivyokitwa ardhini kuuzunguka moto, vimeinama kidogo kama watu wanaota, kwa hiyo mafuta yanadondokea pembeni na haishiki masizi. Viungo hakuna. Kuna maji ya chumvi kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa kizibo, anapita ananyunyiza, anageuza, anapita tena. Mimi mtu wa Tanga, nyama kwangu lazima ilale kwenye tangawizi na kitunguu saumu usiku kucha, nilikuwa nimeshaandaa maneno. Sikuyatumia. Nje ilikuwa ngumu kidogo inakwaruza jino, ndani inatoa maji. Shemeji anasema mbuzi wa Ugogo ameshajitia viungo mwenyewe huko porini kwa majani ya miti ya miiba anayokula. Sijui kama ni kweli au ni kujipendelea kwa wenyeji, ila paja la kilo mbili na nusu hatukubakiza hata mshipa.

Tulilipa elfu thelathini na tano kwa nyama, ugali elfu moja kwa sahani, kachumbari ya bure na pilipili mbuzi imekatwa vipande vinene. Watu watano tukashiba.

Mvua ilitukuta pale. Huku msimu ni mmoja, unaanza Desemba hivi hadi Aprili, na mvua ya kwanza haibishi hodi. Upepo kwanza, vumbi jekundu, halafu matone makubwa. Turubai moja tukajibana watu kama thelathini, mbuzi wawili na mwuza viatu. Kwa kawaida mvua ikiharibu shughuli watu wananuna. Pale wazee walikuwa wanatabasamu, mmoja akatoa mkono nje ya turubai akaukinga mvua kisha akajipaka usoni. Nilivaa viatu vyeupe, kosa langu mwenyewe. Nimeipa tisa kati ya kumi, hiyo moja iliyopungua ni ya viatu.

Tarehe ishirini na tatu akaja mdogo wangu kutoka Dar kwa treni ya SGR. Alikata tiketi mapema maana Desemba zinagombaniwa, daraja la kawaida 31,000. Asubuhi kanitumia ujumbe yuko Dar, mchana yuko kwangu anauliza chakula kiko wapi. Mimi niliyezoea basi la kutwa nzima bado sijaizoea hali hiyo. Sikuwa nimebandika hata maharage. Nikamchukua hadi Majengo sokoni kula perege wa Mtera. Hawa samaki wanatoka bwawa la Mtera, barabara ya Iringa, na ukiwahi unawakuta bado wanang'aa. Mama anayewakaanga anawachanja mistari mitatu kila upande, chumvi, ndimu, mafuta mengi ya moto, basi. Elfu tatu na mia tano na ugali. Mdogo wangu aliyekulia kwenye samaki wa baharini alikula wawili akanyamaza, na kwake kunyamaza ni sifa.

Alitaka zabibu za kurudi nazo. Watu wa nje wanadhani Dodoma zabibu zinaning'inia mwaka mzima kama maembe ya barabarani. Mavuno ni mara mbili kwa mwaka, na Desemba mara nyingi utakuta chache, za bei. Tulichopata ni juisi, kutoka kwa mama mmoja anayekamua nyumbani. Naomba niseme kituko changu. Mwaka wa kwanza nimehamia hapa, wifi aliniambia wakulima wa kwao wanauza mchuzi wa zabibu. Nikashangaa, mchuzi! Nikauliza unaliwa na wali au na chapati. Walicheka hadi leo. Kumbe mchuzi ni ile zabibu iliyokamuliwa na kuhifadhiwa kwenye matangi isije ikaozea shambani, halafu wenye viwanda vya mvinyo wanakuja kuununua. Krismasi hiyo ya mwaka jana baba Zai alifungua chupa ya mvinyo wa hapahapa, mwekundu, mtamu kuliko nilivyotegemea. Mimi nilibaki na juisi, nikaizimua kwa maji ya baridi nusu kwa nusu, maana ukiinywa hivi hivi inakaba koo.

Krismasi yenyewe tulikuwa Mvumi kwa mama mkwe. Nimeona nyumba nyingi siku hiyo ni pilau na soda, na sisi tulikwenda na mchele kilo tano. Mama akaupokea, akashukuru, akauweka ndani. Tulikula ugali wa uwele, kuku wa kienyeji na mlenda.

"Mwanangu, wali utakula kwenu mwaka mzima," akaniambia. "Huu nimeutwanga kwa ajili yako."

Mlenda ule ulikuwa wa majani makavu yaliyosagwa, umepikwa na karanga, na kuna namna ya kuukata kwa tonge usivutike hadi kidevuni ambayo mimi miaka sita sijaiweza. Zai anaiweza. Baada ya ibada wanawake walitoa ngoma, muheme, ile ambayo wanapiga wao wenyewe wameibana katikati ya mapaja, mabega yanacheza na shingo inakwenda yake. Mama mkwe ana miaka zaidi ya sabini na magoti yanamsumbua. Alipoisikia alimkabidhi mdogo wangu kikombe cha chai akaingia. Burudani hiyo hainunuliwi, kwa hiyo siipi maksi. Usiku mvua ikanyesha tena, na asubuhi tulipoamka kumuaga, kitanda kimeshatandikwa, jembe halipo, yuko shamba anapanda. Tulimfuata huko huko tukamuagia kwenye mtaro. Hakusimamisha kazi, alinyoosha mkono wenye udongo akatubariki.

Watoto tuliwalipa deni lao tuliporudi mjini. Jioni Nyerere Square, picha mbele ya sanamu ya Mwalimu, ubuyu mwekundu unaopaka midomo rangi siku mbili, na siku nyingine Chinangali Park kwenye pembea. Peleka mapema kabla ya saa kumi jioni. Sina zaidi.

Sasa tiketi.

Kuna ukumbi mmoja, sitautaja, ulitangaza mkesha wa mwaka mpya: chakula, kinywaji cha kwanza, muziki, fataki na "msanii mkubwa kutoka Dar". Elfu hamsini kwa mtu. Mdogo wangu ndiye aliyenishawishi, akasema dada tangu umehamia huku umekuwa mtu wa kulala saa tatu. Tukakata mbili, mimi na yeye, wanaume wakabaki na watoto. Laki moja hiyo. Naomba uilinganishe na paja la Msalato taratibu.

Tumefika saa mbili na nusu. Foleni ya chakula ilikuwa imezunguka ukuta. Tulipofika mbele saa nne kasorobo, dada mwenye upawa alikuwa anapima pilau kama anagawa dawa, vijiko viwili na kipande kimoja cha kuku, bawa, lenye manyoya mawili. Nimesema mawili kwa sababu niliyahesabu. Nikauliza, "Dada, nyama hakuna?" Akasema imeisha, ila kuna kabichi. Nyuma yetu kulikuwa na watu kama arobaini. Sijui wao waliambulia nini, labda upawa.

Kinywaji cha kwanza kilikuwa kweli, soda moja, ya moto. Saa sita fataki zikalia vizuri, hapo siwadhulumu, anga lilipendeza na watu wakakumbatiana hata wasiojuana. Msanii mkubwa akapanda jukwaani saa tisa kasoro. Aliimba nyimbo tatu, na ya pili kipaza sauti kilikuwa kiunoni lakini sauti inaendelea. Alipomaliza akasema "Dodoma nawapenda sana" akashuka. Umeme ukakatika saa tisa na robo, jenereta likakohoa, likanyamaza. Tulitembea hadi barabarani kutafuta bodaboda, mdogo wangu ameshika viatu mkononi, ananiambia, "Dada, nina njaa." Tukala mihogo ya kukaanga kwa kijana aliyekuwa anafunga meza yake karibu na kituo, akatupa na chachandu ya bure kwa kutuonea huruma.

Mbili kati ya kumi. Zote mbili ni za fataki. Ukitaka kwenda kwenye mikesha ya namna hii, uliza kwanza chakula kinaanza saa ngapi na kinaisha saa ngapi, na usipojibiwa moja kwa moja, kula nyumbani.

Kesho yake, macho mekundu, tukalala hadi adhuhuri. Jioni baba Zai na shemeji wakatuburuza banda umiza la mtaani, lile banda la kulipia kuangalia mpira na filamu. Nilikuwa sijawahi kuingia. Mabenchi ya mbao, bati juu, joto la tanuri, mia tano kwa kichwa. Hapakuwa na mpira siku hiyo, waliweka filamu ya Kichina iliyotafsiriwa. Mtafsiri anaongea juu ya waigizaji wote, wanaume kwa wanawake, na pale wahusika walipokaa kimya yeye hakukaa kimya: akawapa majina ya mitaani, akamfanya yule jambazi mkuu anadaiwa kodi ya nyumba, na walipoanza kupigana akatuambia sababu ni mume wa mtu. Sidhani kama Wachina walikusudia hivyo. Mdogo wangu alicheka hadi akaomba atoke akapumue. Nane kati ya kumi. Mbili nimekata kwa ajili ya benchi, mbao yake ilikuwa na msumari na gauni langu linalo ushahidi.

Mwaka huu tunabaki tena. Mama Muheza nimeshampigia, amenuna siku moja akanyamaza. Mdogo wangu amesema anakuja, ila kwa sharti kwamba tarehe thelathini na moja tunalala. Jumamosi ya kwanza kabla ya Krismasi tuko Msalato, nitavaa katambuga. Na waya nimeshaukata nyumbani nikauweka kwenye pochi, wa bluu, maana mwekundu nahisi kila mtu atakuwa nao.