Kuuza nyota au kulea chipukizi: White Sox na Astros

Timu ya besiboli inayojisuka upya inaweza kuanza kwa kuuza nyota. Desemba 2016 Chicago White Sox walimtoa Chris Sale, mrushaji wao bora, kwenda timu ya Boston Red Sox, wakapokea chipukizi wanne, Yoán Moncada na Michael Kopech wakiwemo. Matunda yalionekana mapema: 2020 na 2021 walicheza hatua ya mtoano. Kisha majeraha yakawaandama, na 2024 wakapoteza mechi 121. Sale? Alishatwaa ubingwa na Boston 2018.

Houston Astros walilea zaidi. José Altuve walimsajili Venezuela 2007 kwa dola 15,000 hivi. Katika uteuzi wa kila mwaka, ambapo timu hupokezana kuchagua wachezaji wapya, Carlos Correa walimteua wa kwanza 2012, Alex Bregman wakamchukua 2015. Mashabiki walionja shubiri, maana msimu wa 2013 pekee ulikuwa na vipigo 111. Ubingwa ulikuja 2017 (wizi wa ishara, yaani kunasa kwa kamera ishara za siri za wapinzani kuhusu mpira utakaorushwa, ukautia doa, hilo halifichiki).

Ila nao waliingia sokoni. Agosti 2017 walitoa chipukizi watatu, wakampata mrushaji mzoefu Justin Verlander. Ningekuwa meneja, ningefuata mpangilio huo: kulea kwanza, kubadilishana baadaye, pengo likishajulikana.