Tahadhari: "Nishijin" za samurai zinazouzwa mtandaoni, nyingi ni poliesta iliyopigwa chapa

Wapo wauzaji wanaotangaza mapambo ya ukutani yenye samurai kuwa ni Nishijin-ori, kile kitambaa cha kufumwa cha mtaa wa Nishijin, Kyoto, Japani: hariri tupu, kazi ya mkono. Mzigo ukifika unakuta poliesta iliyopigwa chapa, yaani mchoro umechapwa juu wala haukufumwa, kingo zimekatwa kwa moto.

Usilipe kabla hujatumiwa picha ya upande wa nyuma, ya karibu, rula ikiwa juu ya kitambaa. Akianza kuzungusha maneno, achana naye. Tofauti ya Nishijin na chapa ni ile ya kikoi na kanga: Nishijin hutiwa rangi kwenye uzi kwanza, ndipo mchoro ufumwe kwa mshindio, yaani nyuzi zinazopita kwa upana. Kwa hiyo nyuma huonekana nyuzi za rangi zikikatiza ovyo kutoka ua hadi ua. Nyuma ikiwa nyeupe au imefifia, hiyo ni chapa.

Akisema ni tsuzure, aina ya Nishijin iliyo ghali, mwambie akiinue kitambaa kwenye mwanga. Mshindio wa kila rangi hugeuka unapofika mwisho wa umbo lake, hivyo rangi mbili zikikutana kwa wima hubaki upenyo mwembamba. Chapa haiwezi kutoa upenyo huo. Na "kimefumwa" si "kwa mkono": mashine za jacquard, zinazoongoza nyuzi za mchoro, ziliingia Kyoto miaka ya 1870.

Uongo mwingine ni "kimekatwa kutoka obi ya kale," yaani mshipi mpana wa kimono. Obi ya fukuro, aina inayovaliwa sana kwenye sherehe, ina upana wa sentimita 31 hivi. Kipande chenye upana wa sentimita 60 bila mshono katikati kitilie shaka basi, ingawa si ushahidi kamili: obi za kale za maru zilifumwa kwa upana wa kiasi hicho au zaidi, zikakunjwa mara mbili. Tena picha kubwa za mashujaa vitani, Wajapani wamezoea kuzichora kwa rangi juu ya kitambaa; kwenye obi utakuta zaidi kofia ya kabuto, deraya au nembo za koo.

Kikishafika, chomoa uzi mmoja wa mtande (unaokwenda kwa urefu) na mmoja wa mshindio, uchome kila mmoja peke yake. Hariri hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika vidoleni; poliesta huyeyuka ikaganda kidonge kigumu. Uzi wa dhahabu usiupime hivyo, maana siku hizi hata Nishijin halali hutumia utepe wa plastiki.

Lebo ya chama cha wafumaji yenye namba ya kiwanda isikulaze: ni karatasi, hubandikwa popote. Lipa kwa njia inayokubali kurudisha pesa, na fungua mzigo huku ukirekodi video.