Lichess: mchambuzi wa bure asiyegawa sifa

Vijiwe vya drafti vya Dar es Salaam vinajua maana ya kulisha: unatoa kete moja ule tatu. Kwenye chesi pia, kulisha kwa hesabu ndiko kunakozaa michezo isiyosahaulika, na kwa kukagua kama ulipiga hesabu au ulibahatisha, Lichess, tovuti ya kucheza na kuchambua chesi, haina mpinzani.

Ni ya bure tangu 2010, haina matangazo, na injini yake, yaani programu inayopiga hesabu za hatua, ni Stockfish. Chess.com, tovuti nyingine ya chesi, hutoa alama ya mshangao mara mbili kwa hatua ya kipaji, ila masharti yake hulegezwa kwa wenye kiwango cha chini. Lichess hukuhesabia makosa tu, madogo mpaka ya kufisha. Uzuri wa mchezo unautafuta mwenyewe, na ndivyo inavyotakiwa.

Ijaribu kwa mchezo wa Paul Morphy, bingwa wa Marekani aliyecheza na kete nyeupe, Paris, 1858. Ingiza hatua zake, washa injini, weka mistari mitatu, yaani ikuonyeshe njia tatu bora (herufi na namba kama b7 ni jina la mraba ubaoni). Hatua ya 8 malkia wake angeweza kula askari wa b7, lakini mweusi angepeleka malkia b4 akimtishia mfalme, malkia wangelana na moto ungezimika. Morphy akatoa farasi c3. Ya 10 akalisha farasi b5, ya 13 ngome d7, ya 16 malkia mwenyewe b8. Ya 17 ngome ikatua d8, mfalme hana pa kukimbilia. Sasa tazama ngome ya h8 na askofu wa f8 wa mweusi: havijasogea tangu mwanzo! Mweusi ana kete nyingi zaidi, lakini zimelala. Hiyo ndiyo sababu sadaka zote zile zililipa.

Kasoro zipo. Namba za sekunde za mwanzo hudanganya: injini ikiwa bado kwenye kina cha 12, yaani umbali wa hatua inazotazama mbele, inaweza kuita sadaka kosa, ikifika 25 ikabadili kauli. Subiri itulie. Simu ya bei nafuu hupata moto na kumaliza chaji, hivyo kwa michezo yako omba uchambuzi wa seva, unaofanywa na kompyuta za Lichess badala ya simu yako. Halafu injini haielezi sababu kwa maneno. Sogeza kete kwa mkono, kwanza mpinzani akila, kisha akikataa kula. Akikataa na akabaki salama, ulichotega ni mtego tu.